Nyumbani Kambini: Maharagwe, Mkaa na Usiku wa Mvua

Mwezi wa Mei mwaka 2023 Rais wa Uganda alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, iliyopiga marufuku biashara ya mkaa kutoka wilaya za kaskazini. Sababu yake haikumshangaza yeyote aliyepata kusafiri katika barabara ya Gulu. Malori yalikuwa yakishuka kuelekea Kampala yamepakiwa magunia hadi juu, na nyuma yao misitu ya Acholi ikibaki visiki. Miongoni mwa miti iliyoangushwa ni ule wa shea, ambao Waacholi huuita yaa, na ambao mafuta yake hupikiwa na kupakwa mwilini. Mti huo huchukua miaka kama 15 au zaidi kabla ya kuzaa. Tena katika tanuri la kienyeji la udongo, kuni za kilo 100 ni vigumu kutoa mkaa unaozidi kilo 20.

Polisi na wanajeshi ni miongoni mwa waliotwishwa kazi ya kuyasimamisha malori hayo. Basi mchana kutwa askari hukagua maturubai kizuizini, na jioni anaporudi nyumbani, kabla hajamaliza kuvua buti, husikia sauti ya mkewe: "Pole na kazi, Baba Watoto. Mkaa umekwisha."

Hapana haja ya kumlaumu mama huyo. Wengi wa wakazi wa mijini hupikia mkaa, na mitungi ya gesi haijafika katika kila nyumba. Lakini inafaa kuuliza ni chakula gani hasa kinachokula gunia. Si chai, wala si posho. (Neno hili kwa Kiswahili cha asili ni mgao wa askari, huko Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe, kwa kuwa mgao ulikuwa unga wa mahindi.) Mlaji mkubwa wa mkaa ni mwenzake posho, yaani maharagwe. Maharagwe makavu yasiyorowekwa yanaweza kukaa motoni saa mbili au tatu, na sigiri hujazwa tena na tena.

Saa hizo tatu zina hatari kubwa kuliko gharama. Katika baadhi ya kambi za polisi zingali zipo nyumba za mabati za duara, ziitwazo unipoti, zilizoanza kujengwa zamani za ukoloni. Ni chumba kimoja, pazia katikati, wazazi huku na watoto kule. Upishi hufanyika nje. Sasa mvua inyeshe saa mbili usiku, na maharagwe hayajaiva! Mama hunyanyua sigiri na sufuria akaviingiza ndani, akafunga mlango kuzuia upepo. Chakula kikiisha kuliwa, makaa yaliyosalia huachwa pale pale yawapashe watoto joto.

Kosa hilo hutendwa na watu wenye akili timamu, kwa sababu mkaa una udanganyifu wake. Moshi wa kuni huwasha macho na kumfukuza mtu chumbani. Mkaa uliokolea hautoi moshi, kwa hiyo huonekana kuwa salama. Kumbe hapo ndipo unapotoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, mambo ambayo mtu hudhani ni malaria au uchovu wa zamu. Aliyekwisha lala huenda asiamke kabisa. Mwenye dalili hizo na atolewe nje mara moja kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Dawa ya jambo hili huanza jana yake. Maharagwe yarowekwe usiku kucha, na maji yale yamwagwe. Yatiwe maji mapya, yachemke kwa nguvu nusu saa. Nusu saa hiyo isipunguzwe, maana maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili isiyokufa kwa moto wa uvuguvugu. Asiyeichemsha barabara ataumwa tumbo na kutapika. Nyanya zisitiwe mapema, kwa kuwa ukali wake huchelewesha kulainika. Magadi hulainisha upesi, ni kweli, lakini huharibu vitamini.

Baada ya hapo sufuria huepuliwa na kufunikwa, ikawekwa ndani ya kikapu kilichosheheni majani makavu ya migomba au blanketi kuukuu, na juu yake mto mzito. Joto lililokwisha kuingia huendelea kupika kwa saa nne au tano, nayo sigiri imekwisha zimwa tangu jua halijatua. Jambo hili si geni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kina mama wa Uingereza walitumia sanduku lililojazwa nyasi kavu kwa kuwa nishati ilitolewa kwa mgao. Sufuria ijae vizuri, maana chakula kidogo hupoa haraka, na atakayefunua kila mara ili aonje atakula maharagwe magumu. Kabla ya kupakua, yachemshwe tena kidogo huko huko nje.

Kikapu chenyewe ni kazi nzuri ya mchana kwa mama anayependa ususi, na hata kwa askari aliye likizo, ambaye mikono yake huhangaika ikikosa shughuli. Kiwe kipana kuizidi sufuria kwa shibiri moja kila upande, kitako kikiwemo. Ndani kishonewe kitambaa cha pamba. Nailoni huyeyuka kwa sufuria ya moto. Majani ya migomba yabadilishwe yanaposhika unyevu, na kitambaa kifuliwe kila juma, la sivyo mende watakuwa wa kwanza kula.