Fosi ya Nyumba Yako Iko Wapi?

Wandugu watumikaji, nanyi wamama wa kambi,

Leo ninawauliza swali moja tu. Simama kwenye mulango wa nyuma wa nyumba yako, tazama lupango lako, kisha onyesha kwa kidole: fosi septiki iko wapi? Siulizi choo. Choo kila mutu anakijua. Nauliza lile shimo lililofunikwa chini ya udongo, ambamo uchafu wote wa choo unaingia.

Nimeuliza swali hili kwa watu wengi wanaokuja dispansere. Wengi wanacheka. Wengine wanajibu, "Munganga, iko huko nyuma." Huko nyuma ni wapi? Kati ya muembe na ukuta? Chini ya bustani ya lengalenga? Pale watoto wanapochezea mupira? Hapo wananyamaza.

Nitawaeleza sababu ya kuuliza. Musimu wa mvua uliopita, mwezi wa pili, waliniletea mutoto wa miaka saba. Alikuwa anacheza na wenzake nyuma ya nyumba, udongo ukafunguka chini ya miguu yake. Kumbe palikuwa na fosi ya zamani. Vyuma vya kifuniko chake cha beto vilikuwa vimeliwa na kutu, na juu yake kulionekana udongo na majani tu. Mutoto akazama mpaka kwapani, mikono yake ikashika ukingo wa beto.

Baba yake alitoka mbio, akataka kuruka ndani amusukume mutoto kutoka chini. Jirani yao, mutu wa kazi ya chini, akamukamata kwa mukaba. Akamwambia, "Baba, humo hamna hewa. Ukiingia tutatoa maiti mbili." Waling'oa mulango wa jiko, wakaulaza juu ya udongo kando ya shimo. Jirani akalala kifudifudi juu ya ule mulango, ili uzito wake usivunje beto iliyobaki, akamuvuta mutoto kwa mikono. Mimi nilisafisha vidonda na kumupiga sindano ya tetanosi. Mutoto alipona.

Lakini yule baba alibaki kwenye benchi ya dispansere, mikono imejaa udongo. Akaniambia, "Munganga, miaka kumi na mmoja tunakaa katika nyumba ile. Hakuna aliyetuambia." Maneno hayo ndiyo yananifanya niandike.

Wandugu, kazini hamuingii galeri kabla hewa yake haijapimwa. Hamuchimbi mahali ambapo hamujui kilicho chini. Mukivua kaske na kurudi nyumbani, munachukua jembe na kuchimba popote: shimo la taka, musingi wa nyumba ndogo ya kijana, kisima cha maji. Hatari haivui kaske pamoja nanyi.

Jueni kazi ya fosi. Maji ya choo yanaingia, vitu vizito vinakaa chini, mafuta na povu vinaelea juu, na maji ya katikati yanatoka kwa tiyo ya pili, yanakwenda kunywewa na udongo. Uchafu unaobaki unaoza, na kuoza kunaleta gazi. Gazi moja inanuka kama yai bovu. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza: husikii tena harufu, unafikiri hatari imekwisha, na hapo ndipo unaanguka. Gazi nyingine inawaka. Kwa hiyo ni marufuku kuchungulia ndani ya fosi na kibiriti, mushumaa ao sigara.

Sasa, namna ya kuitafuta. Fanyeni kazi hii wakiwa watu wazima wawili, watoto wakae mbali.

1. Uliza kwanza. Muulize muzee aliyekaa hapo mbele yako, masoni aliyejenga, jirani wa siku nyingi. Nyumba za mustari mumoja mara nyingi zilijengwa kwa namna moja. Kama jirani anajua fosi yake, yako inaweza kuwa upande uleule.

2. Fuata tiyo. Tazama ni kwenye ukuta gani tiyo ya choo inatokea. Kutoka hapo, mara nyingi inakwenda moja kwa moja, ikiteremuka kidogo kidogo. Fosi inakuwa metre chache kutoka ukutani. Anza kutafuta upande huo.

3. Soma udongo. Mwezi wa nane, majani yote ya lupango yakiwa yamekauka, kipande kimoja kinachobaki kibichi kina sababu yake. Wakati wa mvua, tazama mahali panapobonyea, panaposimama maji, ao panaponuka. Panapobonyea usikanyage hata kidogo. Zungushia miti na kamba, kisha uite watu wa kazi.

4. Gusa kwa chuma. Chukua chuma chembamba cha beto, urefu wa metre moja. Weka ubao mrefu chini, usimame juu yake. Ingiza chuma pole pole kwa mikono, sogea kidogo, ingiza tena. Ukigusa kitu kigumu mara moja, linaweza kuwa jiwe. Ukigusa kitu kigumu kwa kina kilekile mara nne ao tano kwa mufuatano, hicho karibu hakika ni kifuniko. Usipige kwa nyundo, maana utavunja tiyo ao beto iliyochoka. Kama waya wa umeme unapita chini ya udongo huo, usiingize chuma kabisa.

5. Usifungue. Ukiisha kuipata, kazi yako imekwisha. Kufungua na kutoa uchafu ni kazi ya watu wenye vyombo vyake. Na mutu akianguka ndani, asishuke mwingine kumufuata. Mutupieni kamba, iteni msaada. Wengi wanaokufa ndani ya mashimo haya ni wale walioshuka kuokoa.

Fosi ikiisha kuonekana, ipime. Kipimo kimoja hakitoshi. Ukiandika "metre 6 kutoka kona ya jiko", mutu atakayesoma kesho atazunguka kona nzima akitafuta. Pima kutoka kona mbili za nyumba. Kwa mufano: metre 6 kutoka kona ya jiko, na metre 4 na nusu kutoka kona ya choo. Pale vipimo viwili vinapokutana nyuma ya nyumba, ndipo fosi ilipo. Andika katika kaye, na uandike vilevile kwa rangi kwenye ukuta wa nyuma. Karatasi inaweza kuliwa na panya, ukuta unabaki.

Faida yake si kwa watoto tu. Mwaka 2008 kolera ilipiga Lubumbashi na Likasi, na tunajua kolera inapita katika maji yaliyoguswa na uchafu wa choo. Anayechimba kisima aache angalau metre 30 kati ya kisima na fosi, na kisima kisiwe upande wa chini wa muteremuko. Utapimaje metre 30 kama hujui fosi iko wapi? Na fosi ya jirani inahesabiwa vilevile, maana maji ya chini hayajui mupaka wa lupango. Kama kisima chako kiko karibu tayari, chemsha maji ya kunywa, hata yakionekana safi.

Najua mutanijibu. Wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya kompani, si yangu." Nakubali nusu. Beto iliyooza, wewe peke yako huwezi kuitengeneza, na ni haki yako kuomba itengenezwe. Lakini atakayekuja kutengeneza atauliza swali lilelile: iko wapi? Na anayekanyaga pale kila siku si shefu, ni mutoto wako.

Wengine wataona haya kuzungumza habari za uchafu. Wandugu, haya haijazuia beto kuvunjika hata siku moja.

Mawazo yangu ni haya, na ninayaweka mbele ya wakubwa na watumikaji pamoja. Mutu akihama nyumba, anarudisha funguo. Arudishe na karatasi ya fosi. Na mugeni anayeingia asipokee funguo bila karatasi hiyo. Kama haipo, siku ile ile watu wawili watoke na ubao na chuma, waitafute. Haiombi franga nyingi. Inaomba nusu siku, kamba ya kupimia na kreyo. Masoni wa zamani wanazeeka, wanakufa, na kila anayezikwa anakwenda na habari za mashimo aliyoyachimba.

Jumapili hii, kabla ya mvua kurudi, tokeni nyuma ya nyumba. Mukiisha kuipata, waiteni watoto, muwaonyeshe kwa kidole, muwaambie: hapa hatuchezi. Na siku mutakayokuja dispansere nitawauliza tena. Nataka munijibu kwa metre.