Maji ya Bonde Hayauzwi na Mtu Mmoja

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tu watoto wa wafugaji, na twajua kwamba ng'ombe hali hati ya shamba. Hula majani, na majani hutaka maji. Kwa hiyo napenda tutazame habari za Bonde la Owens, katika California, Marekani.

Bonde hilo liko juu, kiasi cha meta 1,200, nalo ni jangwa, kwa kuwa milima ya Sierra Nevada huizuia mvua. Maji yake ni ya theluji iyeyukayo milimani. Wapaiute walikuwa wakiyaongoza kwa mifereji kabla wafugaji wa Kizungu hawajaingia katika miaka ya 1860.

Mwaka 1905 watu wa mji wa Los Angeles walinunua ardhi pamoja na haki za maji, shabaha yao wakiificha. Mwaka 1913 mfereji wao mkuu, wenye urefu wa kilometa 375, ukafunguliwa. Katika miaka ya 1920 mji ukazidi kununua, shamba hapa, shamba pale. Aliyeuza alipata fedha zake. Jirani aliyebaki aliachiwa mifereji isiyo na watu wa kuitunza. Mwaka 1924 wenyeji waliulipua mfereji mkuu kwa baruti, lakini walikuwa wamechelewa. Ziwa Owens likakauka, upepo ukatimua vumbi la kuumiza mapafu. Mji umetumia zaidi ya dola bilioni 2 kulituliza vumbi hilo, na mwaka 2006 ukarudisha maji kiasi katika kilometa 100 za mto. Hata leo wafugaji wengi wa huko hulisha ng'ombe katika ardhi wanayoikodi kwa mji huo.

Wako watakaosema kwamba mtu ana haki ya kuuza chake, na watu wa mjini nao huona kiu. Ni kweli. Lakini maji yapitayo shambani mwangu yanakwenda kwa jirani, wala hayajui ua. Kwa maoni yangu, mtu na auze shamba lake, bali maji yaamuliwe na bonde zima. Kwanza yapimwe yatakayobaki mtoni, ndipo yazungumzwe ya kuuzwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Tusisahau kwamba haba na haba hukimaliza pia.