Daftari la Wiki: Kipupwe na Magari ya Namba A

Alfajiri za Julai joto la Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kwa mtu wa Makete, ambako umande huganda, hiyo ni hali ya shati tu. Hata hivyo, kabla ya saa moja asubuhi stata za magari ya namba A, yaani makuukuu, zinasikika zikihangaika mitaa ya Area D na Nkuhungu, na watumishi wanaowahi ofisini Mtumba wanaomba majirani wawasukumie. Wenye gia otomatiki hawana hata nafuu hiyo: magari yao hayawaki kwa kusukumwa.

Lawama hubebeshwa baridi, na si haki. Betri huuliwa na jua la Oktoba na Novemba, linalokausha maji yake na kuzitia kutu sahani za ndani. Kipupwe kikifika, betri hutoa nguvu kidogo huku oili imekuwa nzito, na ndipo ugonjwa wa miezi mingi hujitokeza. Fundi umeme mwenye mita angeuona tangu Mei. Gari likiwa limezimwa na kutulia, volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki nusu.

Kuna desturi ya gereji inayostahili kukemewa waziwazi: kung'oa thamostati. Gari likichemka mara moja tu, kifaa hicho hutupwa ati maji yazunguke vizuri. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa nyuzi 80 hivi. Bila hicho, asubuhi ya upepo kati ya Singida na Manyoni injini hukawia kupata moto na hunywa mafuta kupita kiasi. Rejeta iliyoziba, chanzo chenyewe cha kuchemka, haijaguswa.

Halafu vumbi. Kipupwe cha huku ni kikavu, na Kongwa ina historia ndefu ya mashine chakavu kushindwa na ukavu huo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga kwa matrekta na matingatinga yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino. Kampuni ya Vickers ikatumia hata vipuri vya vifaru vya Sherman kuunda matrekta yaliyoitwa Shervick. Kiangazi kiliufanya udongo kuwa mgumu kama saruji, mchanga wake ukayasaga majembe, mashine zikalala zikingoja spea. Mradi uliachwa mwaka 1951. Leo mwenye gari kuukuu anayepita njia za vumbi za Kongwa aanzie kwenye chujio la hewa.

Kwa wanaoazimana moto wa betri kwa nyaya, mpangilio ni huu: chanya ya betri iliyokufa, chanya ya betri nzima, hasi ya betri nzima, kisha ncha ya mwisho ibanwe kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja karibu nayo yaweza kuilipua usoni mwa aliyeinama.