BARAZANI: Mkuki wa Kuchezea

Mwaka huu baraza yetu imeletewa swali na mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mjukuu wangu, aliyezaliwa hapa hapa Uingereza, alirudi skuli na barua ya kuomba ruhusa ajifunze kurusha mkuki katika michezo ya kiangazi. Mama yake aliikataa kabla hajaimaliza kuisoma. "Mkuki ni silaha," alisema, "na mwanangu hashiki silaha." Mtoto akaniletea mimi kesi: "Babu, kwani nyinyi kwenu hamkurusha?"

Tulirusha, siwezi kusema uwongo. Siku za mapumziko tulichukua pongoo za minazi tukazichonga ncha, mmoja akabingirisha kumvi mchangani, na sote tukailenga ikiwa mbioni. Aliyeipata alitamba mpaka magharibi. Mchezo ulikwisha siku upongoo wa mwenzangu uliponipasua juu ya jicho. Kovu ninalo mpaka leo. Mama alizikusanya pongoo zote akazitia motoni chini ya chungu cha maharage. Basi khofu ya binti yangu naijua ilikotoka. Kovu hilo amelitazama tangu utotoni mwake.

Lakini nilipokaa nikafikiri, niliona kwamba wengi waliopenda kurusha mkuki walikutana na jambo hili hili la damu, na kila watu wakalitafutia dawa yao.

Waturuki, khasa wa upande wa Erzurum, wana mchezo uitwao cirit, unaochezwa juu ya farasi, makundi mawili yakikabiliana. Jina hilo limetoka katika neno la Kiarabu jarid, yaani kuti la mtende lililoondolewa majani; kumbe ni ndugu wa upongoo wetu! Kirushwacho ni fimbo isiyo na chuma wala ncha kali. Mpanda farasi humwendea mpinzani mbio, akamrushia, kisha akageuka na kukimbizwa yeye. Akimpata huhesabiwa alama. Lililonipendeza zaidi ni hili: akimkaribia mwenziwe hata hawezi kumkosa, kisha akazuia mkono wake akamsamehe, hupewa alama vile vile. Mpira wa miguu hauna sheria kama hiyo, na hao vijana wetu wa Jumapili wangeihitaji sana.

Wamasai wa Kenya wamepata dawa nyingine. Zamani morani alijipatia jina kwa kumwua simba kwa mkuki, na uwindaji huo wenyewe huuita olamayio. Simba wakapungua mno. Wazee wakakaa na watu wa kuhifadhi wanyama, na mwaka 2012 ikaanzishwa Olimpiki ya Wamasai huko Kimana, karibu na Amboseli. Morani wa manyatta mbalimbali hushindana mbio za mita 200, 800 na 5,000, kuruka juu, kurusha rungu na kurusha mkuki. Manyatta inayoshinda hupata fahali. David Rudisha, bingwa wa mita 800, naye ni Mmasai, aliyaunga mkono mashindano hayo. Mkuki ni ule ule wa mababu, ila mbele yake hapana simba, pana utepe wa kupimia.

Na msidhani mkuki wa viwanja vya kisasa ulikuwa salama. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani ya Mashariki aliurusha mita 104.80 mjini Berlin, karibu urefu mzima wa uwanja wa mpira. Tena mara nyingi mkuki ulitua bapa, waamuzi wakabishana kama ncha imetangulia. Mwaka 1986 mkuki wa wanaume ukageuzwa: uzito wake ukasogezwa mbele sentimita 4, ili uiname mapema na kuchoma chini. Rekodi zikaanza kuandikwa upya.

Kwa mkuki huo mpya ndipo alipotokea Julius Yego, mtoto wa Nandi aliyeanza kwa kurusha vijiti kijijini, akajifundisha kwa kutazama filamu za mabingwa katika intaneti. Mwaka 2012 alifika fainali ya Olimpiki hapa London, akawa wa 12. Mwaka 2015, Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya mashindano hayo nje ya mbio. Mwaka uliofuata, Rio de Janeiro, alipata fedha.

Filamu ya Beijing tuliitazama sote watatu, mama mtu akiwa amekunja mikono. Hakusema kitu. Wiki ya pili alikwenda mwenyewe skuli kuona. Watoto walisimama wote nyuma ya mstari, mikuki yao ni mepesi, si ile ya watu wazima ya gramu 800. Hapana arushaye kabla ya kuamrishwa, wala hapana aendaye kuokota mpaka wa mwisho amekwisha kurusha. Akamwuliza mwalimu maswali mengi, mjukuu wangu akiinamisha kichwa kwa haya.

Barua ilirudi skuli na saini yake. Mkuki wa kwanza wa kijana ulitua bapa, haukuhesabiwa.