Koneksheni Si Mjomba Bosi

Vijana wengi wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tandale wameaminishwa jambo moja: kazi Dar es Salaam ni koneksheni, na koneksheni ni kuwa na mkubwa. Kama huna mjomba bosi au shangazi mwenye cheo, vyeti vyako ni vya kufungia maandazi. Kauli hii nimeisikia kwa wazazi, kwa waliomaliza chuo, hata kwa walimu. Nusu yake ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili si kweli, na hiyo ndiyo inayowaumiza watu.

Kweli ni kwamba kazi nyingi za mjini hapa hazitangazwi popote. Mwenye karakana ya samani Keko akizidiwa na oda za vitanda haendi gazetini, anamuuliza fundi wake, "Huna kijana anayejua kupiga msasa?" Mwenye duka la jumla Tandika akiondokewa na muuzaji, anawauliza majirani siku hiyo hiyo. Mama ntilie, mwenye saluni, mwenye kibanda cha miamala ya simu, msimamizi wa ghala kule Kurasini, wote hufanya hivyo. Konda wa daladala akiugua, gari haliwezi kusubiri usaili. Dereva anamtaja deiwaka, yaani kibarua wa siku, naye anachukuliwa palepale kituoni, na wapo makonda waliopata gari la kudumu kwa kuanzia hapo.

Wanafanya hivyo si kwa roho mbaya. Mwajiri mdogo hana ofisi ya kuchambua barua za maombi, na anaogopa kuibiwa. Anayekabidhi droo ya fedha, au mtoto wake mchanga, anataka kujua huyu mtu kwao ni wapi na nani atasimama kumsemea. Ndiyo maana waombaji huambiwa walete wadhamini na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Anayekutaja kwa mwajiri ameweka jina lake rehani. Ukivuruga, aibu ni yake.

Sasa tazama ni nani aliyetaja jina katika mifano hiyo. Ni fundi, ni jirani wa duka, ni dereva. Mkubwa hayumo. Habari ya nafasi hukaa kwa aliye karibu na kazi yenyewe, kwa kuwa ndiye anayejua nani ameacha, nani amehamia Mwanza, nani anajifungua mwezi ujao. Mkurugenzi wa kiwanda pale Chang'ombe anaweza asijue kwamba kitengo cha kufungasha kimepungukiwa na watu. Supavaiza anajua tangu asubuhi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyokuja kusomwa dunia nzima. Alikuwa amewauliza wataalamu waliobadili kazi, wakazi wa Newton karibu na Boston, walizipataje kazi zao. Kati ya waliopata kupitia mtu wanayemfahamu, hawakufika asilimia 17 waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walionana naye mara mojamoja au kwa nadra sana. Newton si Temeke, na wale walikuwa watu wa ofisini, lakini sababu aliyoitoa inatuhusu kabisa: rafiki wa kila siku anajua yale yale unayoyajua wewe. Vijana watano wanaoshinda kijiwe kimoja wana habari moja. Jipya linatoka kwa yule mliyesoma naye VETA Chang'ombe ambaye sasa yuko Tegeta, au yule mliyefanya naye kibarua miezi miwili kisha kila mmoja akashika njia yake. Namba zao tunazo kwenye simu, na hatuwapigii.

Tukiwapigia, tunasema vibaya. "Kaka, nisaidie kazi yoyote" ni ombi linalomtwisha mtu mzigo asioweza kuubeba, kwa sababu yeye si mwajiri. Mwambie unachokijua: "Nashona overoli na sare za shule, nimefanya Magomeni mwaka mzima. Ukisikia fundi anatafutwa, nitaje." Hapo hujamwomba kazi. Umemwomba habari, na habari anayo.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita haraka. Wanasema mtaa wa maskini unajuana na maskini: binti wa Mbagala atasikia nafasi za kuuza chakula, na kijana wa Masaki atasikia za benki akiwa mezani kwao. Ni kweli, na inaniuma. Zaidi ya hapo, ghala zima linaweza kujaa watu wa wilaya moja kwa kuwa kila mmoja alimleta ndugu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila na mahali mtu alipotoka, na katazo hilo linagusa hata kuajiri. Kujuana hakumpi mwajiri ruhusa ya kuivunja.

Kazi za serikali nazo zina mlango wake. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa mtandao. Anayekuambia atakuingiza kwa laki tano ni tapeli au mla rushwa. Wanaonong'ona "penye udhia penyeza rupia" wanakupeleka pabaya. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Anayetaka mwili ili akupe nafasi anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Huyo si koneksheni, aripotiwe TAKUKURU.

Ninyi mlio kazini, nafasi ikitokea msiishie kumwambia mdogo wenu. Mwambieni na yule binti wa nyumba ya nne aliyesomea upishi, na yule kijana aliyewahi kufanya kazi nanyi kwa uaminifu. Wenyeviti wa serikali za mitaa, waombeni wenye viwanda na maduka walio katika mitaa yenu walete nafasi zao zibandikwe ofisini kwenu, ili asiye na ndugu kiwandani naye azione.