Kushuka Si Kuanguka

Hapa Voi, kiongozi akitoka katika kiti cha juu na kushika cha chini, watu husema, "Amekwisha." Nalikataa neno hilo, nanyi wanafunzi nawaomba mlikatae.

Tutazame ng'ambo ya Taveta, kwa jirani zetu wa Tanzania. Rashidi Kawawa alikuwa karani wa serikali, kisha kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Januari 1962, Julius Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama cha TANU, Kawawa alishika mahali pake. Kabla mwaka haujaisha nchi ikawa jamhuri, Nyerere akawa Rais, na Kawawa akawa makamu wake. Mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu tena. Mwaka 1977 kiti hicho alipewa Edward Sokoine, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka zaidi ya kumi. Kawawa hakujitenga, alishika Wizara ya Ulinzi chini ya Sokoine, na vita vya Idi Amin vilipozuka mwaka 1978 vilimkuta kazini.

Wako watakaosema huo ni unyonge. Basi na waniambie: mnyonge ni yupi, yule awezaye kutumika bila kiti, au yule asiyejiona mtu mpaka aketi juu ya wenzake? Sisi Wakenya tulimwaga damu kwa ajili ya kiti baada ya uchaguzi wa Desemba 2007.

Mwanafunzi uvuliwaye ukiranja leo, kesho shika ufagio pamoja na wenzako. Hapo ndipo watakapojua kama ulikuwa kiongozi.