Mbegu ya Mwaka Juzi Usiitupe

Kila ifikapo Novemba watu huanza kupita kitaluni kwangu hapa Morogoro, mkononi mfuko wa mbegu za miti, mdomoni swali lile lile: "Mama, hizi ni za mwaka juzi, nitupe?" Nawajibu: loweka kwanza.

Mbegu ikikaa sana ghalani, utando wa seli zake hudhoofika. Ukiifukia kavu kwenye kiriba, inapata maji kwa kubahatisha: asubuhi umemwagilia, mchana jua limekausha, na kuvu wanaiwahi kabla haijaamka. Ikilowekwa inashiba maji mapema na kuanza kujitengeneza.

Nilikuwa na mbegu za mkwaju zilizokaa kwenye kopo miaka mitatu. Nusu nilizisia kavu. Nusu nyingine nilizichemshia maji, nikayaepua, nikazimimina humo zikalala hadi kesho yake. Hizi zilianza kuchomoza siku ya tisa, karibu zote kwa pamoja. Zile kavu zilitoka moja moja, wiki baada ya wiki, na miche isiyolingana ni hasara: mrefu unaufunika mfupi, wateja wanauacha.

Maji ya moto ni ya mbegu zenye ganda gumu kama mkwaju, mgunga na mlusina. Mbegu laini utazipika. Hizo zinatoshwa na maji ya baridi, usiku mmoja. Mtiki tunauloweka usiku na kuuanika mchana, siku kadhaa mfululizo. Wala usizisahau majini. Mbegu inapumua, ikikosa hewa inaoza.

Lakini maji hayafufui kilichokufa. Niliwahi kuuziwa mbegu za mwarobaini, mfuko hauna tarehe. Nililoweka, nikasia viriba 400, nikamwagilia wiki tano. Haikuota hata moja. Mbegu ya mwarobaini hupoteza uhai ndani ya miezi michache, na kwa macho huwezi kujua umri wake. Siku hizi natoa 20 kwanza, naziloweka, naziviringisha kwenye kitambaa kibichi, nahesabu zilizoota ndipo nijaze udongo.

Ninyi mnaouza mbegu, andikeni tarehe ya kuchuma kwenye kila mfuko. Mama aliyeteka maji kwa ndoo mwezi mzima ana haki ya kuijua. Nawe unayetaka mche wa kupanda 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, Desemba isikupite hujasia.